Nishani ya Vidole Vitatu

Palikuwa na nchi moja, na kama hukuwahi kuisikia usijilaumu, maana yenyewe ilijisikia vya kutosha. Jina lake halitaandikwa hapa. Sheria ya huko ilimtaka kila anayelitamka awe amesimama wima, kofia mkononi, na wewe msomaji huenda saa hii umejinyoosha mkekani. Hakuna haja ya kukutia matatani kwa ajili ya jina.

Nchi hiyo ilikuwa na desturi nzuri sana ya kushukuru. Mtu akilifanyia taifa jambo kubwa, alivishwa madini ya fedha pale pale mwilini palipofanya kazi. Mkimbiaji aliyeuokoa mji na mafuriko kwa kuwahi kuleta habari alitunukiwa viatu vya fedha, kila kimoja kizito kama jiwe la kusagia, na tangu siku hiyo alikaa kitako barazani kwake akipokea salamu. Mwimbaji mkuu wa ikulu alivishwa kidani kilichomkamata koo mpaka chini ya kidevu, akawa anatabasamu tu. Wageni waliouliza walijibiwa kwamba aliyekwisha kufika kileleni hana haja ya kuendelea kupanda.

Tungaraza, akida wa wapiga upinde, hakuwahi kudhani desturi hiyo ingemgusa. Yeye na watu wake walitoka Mavumo, kijiji cha bondeni, watu wa kukumbukwa siku ya vita na kusahauliwa siku ya karamu. Kwao mtoto aliachishwa ziwa akapewa upinde, na kila alipokua akapewa mgumu zaidi, mpaka akaufikia ule mrefu unaompita mtu mzima kichwa. Ndiyo maana kila mwanamume wa Mavumo alikuwa na bega la kulia nene kuliko la kushoto, na mafundi cherehani wa huko walikata mikono ya kanzu kwa vipimo viwili bila kuuliza. Upinde wa namna hiyo haujifunzwi ukubwani. Mtu wa mjini akijaribu kuuvuta, kinachokatika ni yeye.

Ikatokea Watu wa Ng'ambo wakavuka mto kuja kuiteka nchi. Walikuja na farasi wengi, waungwana tupu, wamevaa deraya za chuma kuanzia utosini hadi kwenye kucha za miguu. Kwa kanuni, wa kuwakabili walikuwa Waungwana wa Farasi wa nchi hii, chini ya Mwanamfalme Nasibu. Lakini asubuhi ile Waungwana walikuwa bado wanabishana nyuma ya kilima kuhusu farasi wa nani atangulize pua mbele ya farasi wa nani, na suala likapelekwa kwenye kamati. Basi uwanjani wakabaki Tungaraza na watu wake wa kanzu za vipimo viwili.

Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, na bonde lote lilikuwa tope la magotini. Tungaraza aliwaambia watu wake wachome mbele yao vigingi vilivyochongwa ncha, wasimame nyuma ya vigingi hivyo, na kila mmoja achomeke mishale ardhini mbele ya miguu yake ili iwe karibu na mkono. Kisha wakangoja. Farasi wa adui walipofika katikati ya tope na kuanza kutembea kama bata, akasema neno moja tu.

"Vuteni."

Hapo likatokea jambo ambalo baadaye lilikanushwa kisheria. Mishale ilipanda pamoja na kushuka pamoja, na kabla ya ile ya kwanza kutua, ya pili ilikuwa imekwisha ondoka. Farasi hawakuwa na chuma tumboni. Walianguka, waliokuja nyuma wakawaangukia, na muungwana aliyeingia topeni na deraya yake hakuinuka tena, alizama taratibu huku akilalamika. Waliojitahidi kusogea karibu ndio waliogundua kwamba ncha ya mshale wa Mavumo hupenya chuma kama sindano inavyopenya gunia. Jua halijafika utosini, vita vilikuwa vimekwisha.

Ndipo Waungwana wa Farasi walipoteremka kilimani, maana kamati ilikuwa imefikia muafaka. Walipita katikati ya maiti wakichovya mikuki yao kwenye damu ya watu waliokwisha kufa, kwa adabu, mmoja mmoja, kama watu wanaochovya mkate kwenye chai. Tungaraza aliwatazama mpaka mate yakamjaa kinywani, akayatema kando.

"Usiteme, shemeji," alisema Lubango, mpiga upinde mwenye ulimi mkali, kaka yake Nyamizi mke wa Tungaraza. "Ukitema watakuja kuchovya na hapo."

*

Karamu ya ushindi ilifanyika ikulu. Wapiga upinde walialikwa kusimama uani, mahali ambapo harufu ya pilau ilifika vizuri. Tungaraza, kwa kuwa ni akida, aliruhusiwa kusimama mlangoni, akapewa na mfupa.

Mwanamfalme Nasibu alikuwa amejichukulia deraya ya jemadari wa Ng'ambo na kuivaa juu ya joho lake. Alizunguka nayo ukumbini akigongwagongwa kifua na jamaa zake, mpaka kidole chake kikaingia kwenye tundu.

"Hili tundu la nini?" akauliza.

"La mshale, Mwanamfalme," alijibu Tungaraza. "Hapo uliingia. Ukigeuka wataona ulipotokea."

Mwanamfalme akageuka. Tundu la pili lilikuwa mgongoni, kubwa kuliko la kwanza. Akavua ile deraya, akaitazama ndani na nje. "Imetengenezwa na fundi gani takataka hii?"

Waziri wa Vita na Furaha, Mheshimiwa Mwinyikambi, aliisogelea akasoma muhuri. Alikohoa. "Ni fundi yule yule anayekutengenezea wewe, Mwanamfalme. Anatutengenezea sote."

Ukumbi mzima ukaacha kutafuna. Waungwana waligeuza shingo polepole, wakatazama dirishani, kule uani, kwa wale wanaume wa mabega ya kulia manene waliokuwa wakinusa pilau kwa subira. Kila mmoja akajipapasa kifua. Hofu ya mtu aliyeshiba ina harufu yake, na Tungaraza aliisikia ikiizidi ile ya nyama.

Mwinyikambi ndiye aliyeiokoa siku. Alipanda juu ya kiti, mafuta ya kuku yakimtiririka kidevuni, akanyoosha mkono kuelekea uani.

"Ndugu zangu! Mikono iliyofanya kazi hii haiwezi kuachwa hivi hivi!"

"Haiwezi!" wakaitikia Waungwana kwa moyo wote.

"Haiwezi kuachwa ikizurura mitaani kama mikono ya watu wa kawaida! Taifa litaishika mikono hii, na likishaishika halitaiachia!"

Makofi yalipigwa mpaka sahani zikaruka. Kule uani nako walipiga makofi, maskini, kwa kuwa walisikia wenzao wanapiga.

*

Iliitwa Nishani ya Mkono Mtukufu. Ilikuwa mrija mpana wa fedha ambamo viliingizwa vidole vitatu vya mkono wa kulia kwa pamoja, vimenyooka, kuanzia shinani hadi kwenye kucha, kisha ukabanwa kwa risasi iliyoyeyushwa, ukiachwa upenyo mwembamba tu. Juu yake palichorwa mshale. Vidole hivyo vitatu ndivyo vinavyovuta uzi wa upinde. Kidole gumba na kidole cha mwisho viliachwa huru ili shujaa aweze kushika bendera.

Tungaraza aliitwa wa kwanza. Aliutazama mrija, akamtazama mfua fedha aliyekuwa akipuliza moto wake, akamgeukia Waziri.

"Mheshimiwa, adui akirudi je?"

"Atarudije na wewe umekwisha mshinda?" Mwinyikambi alicheka kwa upole, akamshika begani, lile nene. "Au unataka kusema hukumshinda vizuri?"

Sheria ilisema anayekataa nishani hukatwa mkono usiostahili nishani. Tungaraza akautoa mkono wake. Nyuma yake watu wa Mavumo wakapanga mstari, na bendi ikapiga.

Nyamizi alimpokea mlangoni, akaushika ule mkono na kuugeuzageuza.

"Wamekupa nini hiki, Baba Kasinde?"

"Heshima."

"Inavuliwaje?"

"Haivuliwi."

Nyamizi akaketi chini pale pale kizingitini.

Sasa, nchi ile, kama zilivyo nchi zote za watu waliolelewa, ilikula kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa na kazi yake nyingine, ya chooni. Mashujaa wa Mavumo wakajikuta wamebakiwa na mkono mmoja wa kufanyia yote mawili. Wenye wake walilishwa tonge kama watoto. Wasio na wake walikula kwa kushoto, na walipoketi kwenye sinia, wenzao walikumbuka ghafla kwamba wameshiba. Lubango, ambaye hakuoa, alikuwa akila peke yake nyuma ya nyumba, amewapa watu mgongo. Watu wale wale waliokuwa wakimwimbia nyimbo walitema mate chini alipopita. Kama kuna jambo la kutia kinyaa kuliko hilo, nchi hiyo ilikuwa bado hailijui, ila ilikuwa njiani kulijua.

Jasho, maji ya kuogea na tope la shambani vyote vilibaki ndani ya mrija. Masika yalipoingia, vidole vikaanza kunuka. Kijiji kizima kilinuka, na upepo ukivuma kutoka bondeni mji mkuu nao ulipata sehemu yake. Tungaraza akaenda ikulu kueleza. Kesho yake Mwinyikambi akatoa tangazo kwamba ile haikuwa harufu ya kuoza bali harufu ya ushujaa, na raia yeyote atakayeziba pua mbele ya shujaa atachapwa viboko hadharani. Alilisoma tangazo lenyewe akiwa ameweka leso yenye karafuu puani.

Nyamizi hakungoja tangazo la pili. Kila jioni alipasha maji ya chumvi, akayachanganya na mafuta ya nyonyo, akayamimina ndani ya mrija tone kwa tone kwa unyoya wa kuku.

"Visukume," alimwambia mumewe. "Hata kama havisogei, visukume. Kidole kikizoea kulala kimekufa."

"Vinauma."

"Vikiacha kuuma ndipo ulie."

Alitaka kumfanyia na kaka yake, lakini Lubango alikataa. "Vyangu viache, dada. Vimestaafu kwa heshima." Alicheka peke yake.

*

Watu wa Ng'ambo nao, washenzi wale, hawakuwa na desturi ya kushukuru. Walizika wafu wao, wakachomoa mishale kwenye miili, wakaketi wakaitazama. Kisha wakapanda milimani kwao kwa wawindaji ambao zamani hata kuwasalimu ilikuwa mwiko, wakawapelekea chakula, wakawaomba wawafundishe. Mwishoni mwa masika ya pili walirudi mtoni. Farasi walikuwa wachache. Pinde zilikuwa nyingi.

Ikulu ikapiga ngoma. Watu wa Mavumo walisimama uani kwa mistari, na Waziri Mwinyikambi akatoka kwenye roshani, leso puani.

"Mashujaa! Adui yule yule, mahali pale pale! Mishale!"

Tungaraza aliuinua mkono wake wa kulia. Nyuma yake mikono yote ikainuka, na ua wote ukametameta.

"Kwa vidole gani, Mheshimiwa?"

Mwinyikambi aliitazama ile mirija kama mtu aliyekuta nyoka kwenye kiatu alichokivaa tangu asubuhi. "Basi ivueni," akasema.

Jaji Mkuu akaitwa. Alikuja na kitabu chake, akasoma kwa sauti ya kuimba kwamba nishani ya taifa haivuliwi mtu yeyote isipokuwa mhaini.

"Basi ni rahisi!" Uso wa Waziri ukang'aa. "Fanyeni uhaini."

"Uhaini gani, Mheshimiwa?" aliuliza Tungaraza.

"Wowote! Nchi ina haraka."

"Tumtukane Mfalme?" Lubango akajitolea.

"Hapana, hilo litamuumiza."

Ni Mwanamfalme Nasibu aliyelipata jibu, na Waungwana wote walilipokea kama mvua, maana lilikuwa likiwawasha moyoni tangu siku ile ya tundu. Wapiga upinde wakiri kwamba waliidanganya nchi. Wakiri kwamba hawakumpiga adui. Adui alikufa kwa mvua na kujikwaa, na waliosalia walimalizwa na mikuki ya Waungwana, ambayo damu yake iliwahi kuonekana na kila mtu.

Kesi ikaanza siku hiyo hiyo. Kila mmoja alipanda kizimbani akaulizwa swali moja: "Mshale unaua?" Naye akajibu: "Hauui." Zamu ya Tungaraza ilipofika alilijibu bila kutua. Alijiambia kwamba ni neno tu, na kwamba mkono ukishatoka ndani ya mrija ndio utakaosema ukweli. Mahakama ikaridhika. Jaji alisoma hukumu amesimama: mshale, uwe mrefu au mfupi, uvutwe na mtu au watu wengi kwa pamoja, hauna madhara yoyote katika vita, na atakayesema vinginevyo anaipinga mahakama.

Adhabu ya mhaini ilikuwa kifo, lakini Jaji alikuwa mtu wa huruma. Aliamuru pinde zife kwa niaba yao.

Mti wa upinde wa Mavumo hukaushwa darini kwa moshi wa jikoni mpaka aliyeukata anazeeka, halafu huchongwa kidogo kidogo na mwanawe. Pinde zilikusanywa zote, na ule wa babu yake Tungaraza ukiwamo. Kwa kuwa kuni za ikulu zilikuwa zimelowa mvua, pinde zilinyongewa jikoni, chini ya masufuria. Pilau lilipikwa likaiva vizuri sana. Tungaraza aliusikia upinde wa babu yake ukipasuka motoni, akamwona Mwinyikambi akilamba vidole vyake vyote vitano na kucheua.

"Mheshimiwa," alisema akijizuia, "tutapigia nini sasa?"

"Kupiga nini? Mahakama imesema mishale haiui." Waziri alimkazia macho. "Au unaipinga mahakama?"

Hakuna aliyekumbuka tena jambo lenyewe lilianza kwa ajili ya nini. Lakini sheria ni sheria, na wahaini wakavuliwa nishani.

Mfua fedha alitumia msumeno. Mrija wa Lubango ulipopasuliwa na kuvutwa, vidole navyo vikatoka pamoja nao. Lubango hata hakupiga kelele. Karani aliyekuwa akipokea nishani alirudisha ule mrija mezani kwa ncha ya kalamu.

"Fedha ni mali ya taifa," alisema akiwa amegeuza uso. "Uchafu wako utoe."

Lubango aliokota kijiti, akachokoa mwenyewe vidole vyake mpaka mrija ukawa safi, akamkabidhi karani. "Walisema hawataviachia," akamwambia Tungaraza. "Watu wa kweli hawa." Halafu akatapika, na Tungaraza naye akatapika kando yake.

Vya Tungaraza vilitoka vyeupe na vyembamba kama viazi vilivyochipua gizani, lakini vilikuwa hai. Nyamizi alivigusa kimoja kimoja. Akamwambia avikunje. Vilikunjika kidogo tu, vikitetemeka, na mama yule aliyekuwa hajalia tangu mwanzo akalia.

*

Mwanamfalme Nasibu aliisoma ile hukumu akaipenda. Kama mshale hauui, alisema, chuma hiki cha kumzamisha mtu topeni ni cha nini? Alitoka kupigana amevaa shati jepesi la hariri, nakala ya hukumu imebandikwa kifuani. Waungwana wakamwiga, maana hakuna aliyetaka kuonekana anaipinga mahakama kwa kuvaa chuma. Safari hii hawakubishana nani atangulie. Waliteremka bondeni wanaimba.

Tungaraza alikuwa juu ya ukuta wa mji pamoja na watu wengine. Aliona vigingi vimechomwa mbele ya safu ya adui. Aliona mishale imechomekwa ardhini miguuni mwao. Watu wa Ng'ambo walikuwa wamemwiga kila kitu, hata namna ya kungoja. Pinde zilipoinuliwa, bega lake la kulia lilicheza lenyewe. Angeweza kupiga kelele. Lakini kuonya kulikuwa ni kuipinga mahakama, na pale ukutani alisimama mfua fedha na moto wake. Akafumba macho, akahesabu moyoni muda ambao mshale hukaa hewani, akasikia.

Jioni walimleta Mwanamfalme juu ya mlango uliong'olewa.

Likazuka tatizo la kisheria. Mwanamfalme alikuwa amekufa, na mshale ulikuwa umesimama kwenye shingo yake, lakini mshale hauui. Ilibidi kitafutwe kilichomuua. Mganga wa ikulu alisema ni mafua, kwa kuwa marehemu alitoka na shati jepesi wakati wa mvua. Hata hivyo Jaji alitaka na ushahidi wa mtu aliyewahi kuvijua vitu vile, ili jambo lisije likafufuliwa. Akaitwa Tungaraza.

"Sema wanalotaka," Nyamizi alimwambia akimvika kanzu. Alikuwa ameushika mkono wake, hauachii. "Nimeukanda mkono huu masika mawili. Leo asubuhi hata tonge umeshika. Sema wanalotaka, urudi nao nyumbani."

Ukumbini maiti ilikuwa juu ya ile ile meza ya karamu. Nzi walikuwa wamekwisha fika. Jaji Mkuu aliingia, akavua kofia yake, akatafuta pa kuitundika, akaona mshale umesimama pale shingoni, akaitundika. Hakuna aliyecheka. Mlangoni mfua fedha alikuwa ameketi na moto wake, na pembeni yake kapu la mirija, imesuguliwa ikang'aa upya. Hukumu ikianguka, uhaini ungeanguka nao, na mashujaa wangerudishiwa heshima yao.

"Tungaraza," alisema Jaji, "kitu hiki kilichobeba kofia yangu, ndicho kilichomuua Mwanamfalme?"

Tungaraza aliitazama shingo. Alijua hata mtu aliyeuvuta alikuwa umbali gani. Aliutazama moto wa mfua fedha. Ndani ya mkono mpana wa kanzu, vidole vyake vitatu vilijikunja na kujikunjua.

"Mafua, Mheshimiwa," akasema.

Wakampigia makofi. Alijisikia kinyaa, kama mtu aliyemeza nzi na kusifu zabibu, na kinyaa chenyewe hakikuwa cha Jaji wala cha Waziri. Kilikuwa chake mwenyewe. Aligeuka aondoke.

"Ngoja kidogo!" Mwinyikambi alikuwa ameruka kitini, macho yanang'aa. "Waheshimiwa, mnaona? Waungwana wetu hawakushindwa! Wamekosa nguo za joto tu! Basi dawa ni nyepesi. Farasi wamekwisha, lakini watu tunao. Kesho watatangulia wanaume wa Mavumo, kwa miguu, na kila mmoja atapewa blanketi zito!"

Ukumbi ukashangilia. Tungaraza alipiga hatua mbele. "Mheshimiwa, kule bondeni kuna..."

"Kuna nini?" aliuliza Jaji, akiichukua kofia yake.

Mlangoni mfua fedha alipuliza moto.

"Kuna baridi," akasema Tungaraza.

*

Mablanketi yalikuwa mekundu, ili Waziri aliyeko ukutani aweze kuwaona vizuri. Yaligawiwa asubuhi kwenye lango la mji, na kila aliyepokea alitakiwa ashukuru. Wanaume wa Mavumo walishukuru. Kila mmoja wao alijua wanakokwenda kuliko mtu yeyote aliyepata kutumwa vitani, kwa kuwa ndio walioyaanzisha mapigano ya namna ile.

"Nifungie, shemeji," alisema Lubango, akiwa ameshikilia blanketi kwa kidole gumba na kile cha mwisho. "Mimi sina cha kufungia."

Tungaraza alimfunga fundo shingoni, dogo, imara. Alitaka kumwambia jambo, Lubango akatikisa kichwa. "Usiseme. Hata mimi ningesema mafua."

Wakateremka. Tope liliwafika vifundoni, kisha magotini, na mablanketi yakaanza kunyonya maji na kuwavuta chini. Mbele yao, nyuma ya vigingi, watu wa milimani wa Ng'ambo walikuwa wamesimama kwa utulivu, wakiwangoja wafike katikati. Tungaraza aliona wanafanya vizuri. Mtu mmoja miongoni mwao akasema neno moja kwa lugha yake, na halikuhitaji mkalimani.

Nyuzi zote zikavutwa kwa pamoja. Sauti ile alikuwa hajawahi kuisikia akiwa upande huu. Nyuma sana, ukutani, Mwinyikambi alikuwa akipaza sauti kwamba wajifunike vizuri, na Tungaraza akalikaza blanketi shingoni kwa mkono wa kulia. Vidole vyake vitatu vilikunjika vyote, bila maumivu. Vilikuwa vimepona kabisa.